Simu, kamera ya kofia, ya mfukoni au kubwa: ubebe ipi ukienda kucheza skii?

Mpwa wangu anasoma Austria. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo mjomba. Wenzangu wamenialika likizo ya Krismasi, tunakwenda mlimani siku tano kucheza skii. Nina simu, kuna rafiki yangu ataniazima kamera mbili, ile ndogo ya kuvaa kwenye kofia na nyingine ya mfukoni isiyoingia maji, na ile kubwa uliyonipa bado ninayo. Nibebe ipi? Mama anataka picha."

Skii ni mchezo wa kuteleza mlimani juu ya theluji, umevaa mbao mbili nyembamba miguuni na kushika fimbo mbili mikononi. Nilimjibu kwa ujumbe wa dakika kumi na mbili. Baadaye nikaona heri niandike, kwa sababu swali hili si lake peke yake. Hapa Dodoma wapo wazazi wengi ambao watoto wao wako Ujerumani, Norway au Kanada, wengine kwa masomo, wengine kwa ndoa, na sikukuu zikikaribia hakosekani mmoja wa kupita studio kwangu Majengo kuuliza kamera ya kumpelekea mtoto. Kazi yangu ni harusi na kipaimara. Theluji nimeikanyaga safari moja tu, siku tisa za Januari huko Tyrol, jimbo la milima la Austria, kwa mwaliko wa parokia iliyo rafiki na parokia yetu. Lakini nilikwenda na kamera tatu pamoja na simu, nikazitumia zote, kwa hiyo ninacholinganisha hapa nilikishika kwa mkono.

Niseme mapema ninakoegemea. Kwa mtu anayekwenda kujifunza skii kwa mara ya kwanza, kamera ya mfukoni isiyoogopa maji ndiyo ya kwanza, simu ya pili, ya kofia ya tatu, na ile kubwa ibaki nyumba ya wageni mpaka siku ya kupumzika. Ziko hali zinazogeuza mpangilio huu, nitazitaja.

Uso mweusi, theluji nyeupe

Kuna jambo ambalo likikushinda, kamera zote nne zitakuangusha sawasawa. Kamera haijui inatazama nini. Inapima mwanga ikidhani kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vyeusi kwa vyeupe, vikichanganywa vinatoa kijivu cha wastani. Sasa theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoiangukia. Kamera ikikutana na weupe huo inadhani mwanga umezidi, inaukata. Unachopata ni theluji ya rangi ya majivu, na juu yake mtu wa rangi yetu amegeuka kivuli kisicho na macho wala pua.

Wapiga picha wa harusi tunaujua ugonjwa huu. Bibi harusi amevaa shela jeupe, saa 7 mchana, pale Nyerere Square: ukiiachia kamera ijipimie, shela linakuwa la kijivu na uso wake unazama. Tofauti ni kwamba kwenye theluji shela limetandikwa mlima mzima.

Dawa yake ni kuilazimisha kamera iongeze mwanga. Kamera kubwa na nyingi za mfukoni zina kitufe chenye alama za + na −. Anza na +1, na jua likiwaka vizuri nenda hadi +2 ukiangalia uso wa mtu, si theluji. Kwenye simu gusa uso kwenye kioo, shikilia kidole mpaka kipimo kijifunge, kisha sukuma ile alama ya jua kwenda juu. Theluji ya nyuma ikiungua kidogo, iache iungue. Kwa wenyeji wa kule ndiyo mandhari wanayoikuta kila mwaka, lakini kwa mama aliyeko Makole au Area C kilicho muhimu ni uso wa mwanawe. Wenzako Waaustria wanaweza wasikukumbushe, maana nyuso zao hazizami kiasi hicho, na mara nyingi watakuambia picha yao mbona imetoka vizuri.

Halafu kuna zawadi ambayo sikuitegemea. Theluji inamulika kutoka chini. Hapa kwetu saa 6 mchana jua liko utosini, macho yanaingia kwenye mashimo ya kivuli, ndiyo maana tunabeba riflekta, ule ubao mweupe wa kurudishia mwanga usoni. Kule riflekta imelala ardhini bure. Siku ya tatu nilimpiga picha dada mmoja kutoka Kampala. Nilimwambia aketi kwenye theluji, alipe jua mgongo, nikaongeza mwanga kwa moja na nusu. Mwanga ulimpanda toka magotini hadi kwenye paji la uso, laini, hakuna kivuli chini ya macho wala chini ya kidevu. Harusini ningehitaji watu wawili wa kushika vifaa ili nipate uso wa namna hiyo.

Na jua lenyewe ni jingine. Mwisho wa Desemba, saa 6 mchana, jua la Austria liko chini kama la kwetu saa 11 jioni. Vivuli ni virefu siku nzima, mwanga unapiga kwa ubavu siku nzima, ila siku yenyewe ni fupi: kabla ya saa 11 jioni jua limezama, na bondeni linajificha nyuma ya mlima mapema zaidi. Usiahirishe picha ukisema utapiga jioni.

Baridi na jasho la kamera

Hili la pili ni la kamera zote pia. Sisi wa Dodoma tumezoea kulinda kamera dhidi ya vumbi la Agosti na Septemba, lile linaloingia hadi ndani ya begi lililofungwa. Theluji haina vumbi, ina maji yanayosubiri.

Betri za lithiamu zikipoa, kemia ya ndani inakwenda taratibu na umeme unashindwa kutoka. Betri iliyoonyesha nusu inazima ghafla; ukiipasha joto inarudi na chaji yake. Kwa hiyo betri za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, na unazibadilisha kwa zamu: iliyopoa inaingia kifuani, iliyopata joto inaingia kwenye kamera. Usichaji betri ikiwa bado imeganda, inaharibika moja kwa moja. Ngoja ipate joto la chumba.

Kubwa zaidi ni jasho. Umeona soda ikitolewa kwenye friji Dar es Salaam inavyolowa. Kamera iliyokaa nje kwenye nyuzi −10 kisha ikaingizwa kwenye mgahawa wenye moto wa kuni inafanya hivyohivyo, nje na ndani, hadi kati ya vioo vya lenzi. Mimi sikulijua hili kwa vitendo. Siku ya pili niliingia kula mchana na kamera kubwa shingoni, nikaiweka mezani karibu na supu. Nilipotazama tena ilikuwa imevaa utandu mweupe, nikaufuta, ukarudi. Kidirisha cha kutazamia kilijaa ukungu kwa ndani ambako kitambaa hakifiki. Mwenyeji wangu alinikataza kuiwasha. Mchana ule wote wa jua safi niliupoteza, kamera ikiwa imelala kwenye kona ya chumba.

Kinga yake haina gharama. Ukiwa bado nje, tia kamera kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, toa hewa, funga, ndipo uingie. Jasho litakaa juu ya plastiki. Iache humo saa moja hadi mbili mpaka ipate joto la chumba. Kama unataka kuona picha ukiwa unakula, toa memori kadi kabla hujaingia. Na ukiwa nje usipulize lenzi kwa mdomo kama tunavyofanya hapa kuondoa vumbi, pumzi inaganda juu ya kioo hapohapo.

Mtu mmoja, mteremko mmoja, kamera nne

Siku ya nne nilimwomba mwenyeji wangu, mzee wa miaka sitini na kitu anayeteleza kama samaki, ashuke mteremko uleule mara nne. Alivaa koti jekundu. Mimi nilisimama chini pembeni ya miti, kila mara na kamera tofauti.

Simu ilinipa mlima mzuri na anga la bluu, na mzee kama punje ya pilipili katikati. Nilipomvuta kwa vidole alikuja, lakini akawa rangi iliyopakwa kwa brashi: koti jekundu, uso hakuna. Nililazimika kuvua glavu ili kioo kinisikie, na nilipoivaa tena vidole vilikuwa vinauma.

Kamera ya kofia nilimpa yeye aivae. Ukitaka kujua tofauti ya hii na zile nyingine, ni hapo: si kamera ya kumtazama mtu, ni ya kutazama kama mtu. Lenzi yake ni pana sana, inameza kila kitu, na inatuliza mtikisiko vizuri mno. Video yake ilinionyesha upepo, sauti ya skii zikikata barafu, miti ikipita. Lakini upana uleule unaulaza mlima. Mteremko ambao mimi niliogopa hata kusimama pembeni yake ulionekana kama barabara ya kushuka toka UDOM, chuo kikuu chetu cha Dodoma.

Ya mfukoni niliyokuwa nayo ni ya aina ya Olympus Tough TG-6. Iliyofuata baada yake, TG-7, ilitoka mwaka 2023 na inafanana nayo. Imetengenezwa kufanya kazi hadi nyuzi −10, kuingia maji kina cha mita 15, na kustahimili kuanguka toka mita 2.1. Lenzi yake inavuta mara nne ikiwa ndani ya mwili wa kamera, haichomozi nje, kwa hiyo hakuna mdomo wa kuingiza theluji. Mzee alijaza kama robo ya picha. Nilichelewa kidogo kubonyeza, naye akawa amepinda kona, lakini uso ulionekana, na tabasamu pia. Nilibonyeza nikiwa na glavu.

Kubwa, pamoja na lenzi ya kuvuta mbali ya 70-200, spidi ya 1/1000 ya sekunde, ilitoa picha ambayo ipo ukutani studio hadi leo. Kila chembe ya theluji aliyoirusha kwenye kona inahesabika, na kidirisha chake kilinisaidia kuona vizuri wakati vioo vya zile nyingine vilizidiwa na mng'ao. Hakuna nyingine kati ya zile inayoikaribia. Lakini gharama yake niiseme yote: zaidi ya kilo mbili shingoni, dakika arobaini nimesimama mahali pamoja, vidole vya miguu sivisikii, na jana yake asubuhi, nikijifunza kwenye mteremko wa watoto, nilianguka kifudifudi nikiwa nimeivaa kifuani. Ubavu uliniuma mpaka narudi Dodoma.

Kwa hiyo nani abebe nini

Anayejifunza ataanguka, na ataanguka mara nyingi kwa siku. Kamera yake lazima iwe kitu anachoweza kuangukia bila kuumia wala kukivunja. Hapo kubwa imetoka yenyewe. Simu nayo, ukiiweka mfuko wa nje, ina hatari mbili. Ya kwanza ni baridi: Apple wenyewe wanaandika kwamba iPhone imetengenezwa kutumika kati ya nyuzi 0 na 35, na kule asubuhi hata joto la friza ni afadhali. Simu yangu, ya kampuni nyingine, ilizima ikionyesha asilimia 40. Ya pili ni kiti cha waya kinachowapandisha watu juu. Unakaa, miguu inaning'inia, chini ni theluji laini mita kadhaa. Glavu zinateleza, unataka selfi. Simu ikidondoka pale umeiaga, na pamoja nayo namba za watu, tiketi na benki. Ukitaka kupiga picha kwenye kiti, kamera iwe na kamba ya mkononi. Na begi la mgongoni, kabla hujakaa, livue uliweke mapajani, mikanda yake isije ikanasa wakati wa kushuka.

Lakini simu ina kitu ambacho nyingine hazina: usiku uleule picha imefika kwa mama. Nisingemwambia mpwa wangu aiache. Namwambia ikae mfuko wa ndani ya koti, itoke mara chache, kwenye mgahawa, kwenye picha za pamoja, jioni taa zinapowaka. Ya mfukoni ikae kifuani kwa nje na kamba yake, ndiyo ya kazi. Jioni anahamishia picha kwenye simu kwa waifai.

Udhaifu wa ya mfukoni nisiufiche. Kihisi chake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni kidogo, giza likiingia picha zinakuwa na chenga, na ukitaka kuchapisha bango la ukutani utaona. Lakini picha za skii zinapigwa mchana kweupe, mwanga ni wa kumwaga, na hapo tofauti hiyo haimsumbui mtu anayetazama kwenye simu au kwenye albamu.

Ya kofia ina wakati wake, na ndiyo hali ya kwanza inayogeuza mpangilio wangu. Mtu anayejua kuteleza tayari, ambaye siku nzima yuko kwenye mwendo, aanze na hii. Asipige picha nayo, achukue video. Ningemshauri aifunge kifuani badala ya kichwani: magoti na fimbo zinaingia kwenye picha, mtazamaji anahisi mwendo, na mlima unarudi kuwa mlima kwa sababu kuna kitu cha karibu cha kuupimia. Achukue vipande vifupi, sekunde 15 au 20, kisha azime. Aliyewahi kukaa na jamaa aliyetoka safari na video ya saa moja na nusu isiyokatwa anajua ninachosema. Kwa anayejifunza, siku mbili za kwanza video yote ni theluji ya karibu sana na sauti ya "pole!". Asubiri siku ya tatu.

Hali ya pili ni mtu asiyeteleza kabisa. Wapo wengi, na hakuna aibu: mama aliyekwenda kumtembelea mkwe, mjamzito, mwenye goti bovu. Huyu anapanda kwa lifti ya waya yenye kibanda, anatembea njia zilizosafishwa, anakaa kwenye baraza la mgahawa kutazama watu. Kwake kubwa ndiyo ya kwanza bila ubishi. Achague lenzi moja asubuhi na asiibadilishe huko juu. Ajipange kwenye kona ambapo wanaoteleza hugeuka, nje ya njia yao, na asisimame mahali ambapo anayetoka juu hawezi kumwona. Kama mawingu yameshuka, mbingu na ardhi vinakuwa karatasi moja nyeupe na mteremko unapotea machoni. Siku hiyo asogee kwenye miti, kwa sababu shina jeusi ndilo linaloipa picha umbo.

Kununua mpya kwa ajili ya siku tano sioni sababu, isipokuwa kama kamera itaendelea na kazi ukirudi. Ya mfukoni itafaa: ileile iliyokataa theluji inakataa vumbi, unaipeleka Kolo kwenye michoro ya mapangoni Kondoa au kwenye boti Mtera, unaisuuza bombani jioni. Ya kofia watu wengi niliowaona wakiinunua kwa safari moja waliishia kuiuza. Kukodi au kuazima kunatosha.

Mzazi anayempelekea mtoto kamera kwa mkono wa msafiri amkumbushe jambo moja. Ndani ya treni ya SGR hadi Dar hakuna tatizo, lakini kwenye ndege betri za akiba na pawabenki haziruhusiwi kwenye begi linalokwenda chini. Zikae kwenye begi la mkononi, kila moja imefunikwa vichwa vyake vya umeme, hata selotepu inatosha.

Mpwa wangu ameshaamua: simu, ya mfukoni, na ya kofia kuanzia siku ya tatu. Kubwa ataibeba hadi nyumba ya wageni kwa ajili ya asubuhi ya mwisho, wenzake wakiwa wanafunga mizigo. Nimemwambia asisubiri mlima kujifunza kuongeza mwanga. Theluji ya kwanza ikianguka mbele ya hosteli, atoke na rafiki yake mmoja mweusi na mmoja mweupe, awasimamishe pamoja, apige picha ya 0, ya +1 na ya +2, anitumie zote tatu. Na mifuko ya zipu abebe minne: mitatu ya kamera, mmoja wa simu.